Daftari la Madam Mkato

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma historia ya mdogo wangu, niungame mbele za Mungu na mbele yenu, kwamba mimi Pasikali nilimwibia marehemu, na kilichonituma ni wivu.

Marehemu Ernesta Niyibizi alizaliwa hapa Murungu, Kibondo, tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa mzee Hatungimana, wa kwanza nikiwa mimi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, mwaka 1997 akaenda sekondari Kasulu, mimi nikiwa nimeishia darasa la saba, nikabaki na jembe, roho ikiniuma.

Mwaka 2006 aliajiriwa kufundisha Kiingereza hapa Kibondo, na tarehe 7 Julai 2007 alifunga ndoa na shemeji Felician, wakajaliwa watoto wawili, Majaliwa na Tunu. Sifa yake ilikuwa mkato. Aliwafundisha wanafunzi kwamba sentensi ya Kiingereza ikianza na maelezo ya lini, kwa nini au kama, yakiisha hayo weka mkato, ndipo jambo lenyewe lifuate, ila maelezo yakikaa nyuma, mara nyingi mkato hauhitajiki, na darasa zima lilisoma kwa sauti, likipiga kofi moja penye mkato. Hata sokoni nikawa naulizwa, "Wewe si ndiye kaka yake Madam Mkato?" Jina langu hawakulijua.

Agosti 2013 alinipa daftari la masomo hayo, kurasa sitini na nne, kazi ya miaka sita, nilipeleke Kasulu kwenye semina ya walimu, ili walinakili. Nikarudi nikamwambia nimelisahau kwenye basi. Kumbe nimelificha sandukuni, chini ya suti yangu ya kanisani.

Alianza kuliandika upya, akafika ukurasa wa kumi na tisa, Februari mwaka huu figo zikamlaza. Pale kitandani aliniuliza, "Kaka, hukumbuki hata rangi ya lile basi?" Nikasema jekundu.

Alifariki tarehe 3 Juni 2015, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, na walimu wenzake mliochimba kaburi kwa mikono yenu.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, ile niliyokunyima mimi.

Daftari ninalo hapa, chini ya karatasi hii ninayosoma. Mwalimu Ildefonsi, wewe uliyepewa darasa lake, naomba usogee, ulipokee.