Tai wa Mnara na Mnana wa Cherehani

Kiti cha mbele yangu basini, fundi wa minara ya simu alikuwa akimsimulia mama mshonaji ambaye walijuana naye vituo viwili tu nyuma. "Niko juu kabisa mama, nimejifunga mkanda, mara tai akapita hivi! Bawa likaigusa kofia hii hii." Akaipiga kofi kofia ngumu iliyokuwa mapajani. "Tukatazamana macho kwa macho. Wangapi wameyaona hayo?" Swali lilikuwa la basi zima.

"Hongera, mwanangu," mama akasema. "Mimi nilijiwa na mnana, kale kandege ka manjano. Aliingia dirishani nikishona gauni la harusi, akavuta uzi mwekundu, akaenda nao. Akarudi mara tisa. Mwishowe nikaacha cherehani, nikawa namkatia vipande."

"Na gauni je?"

"Mwekundu uliisha, pindo nikalimalizia kwa uzi wa rangi ya waridi. Bibi harusi hajui mpaka leo."

Fundi akacheka hadi akakohoa. "Lakini mama, tuseme kweli. Mnana na tai wapi na wapi?"

Basi likasimama kituoni kwa mama. Akainuka taratibu, akautengeneza mtandio kama anayekwenda kupokea tuzo.

"Tai wako alikuwa anapita zake, baba. Mtaa wetu una mafundi cherehani kumi na mmoja, na wote madirisha yao yako wazi. Mnana wangu alichagua uzi wangu kuwatandikia wanawe."