Ufunguo wa Choo cha Kiwandani

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na kaupepo ka baridi. Jana tulimzika fundi cherehani tuliyemwita Mama Kifungo. Alishona sare kiwandani miaka ishirini na sita.

Tangu uzazi wa tatu, akikohoa, akicheka au akinyanyua robota la kitambaa, mkojo ulimtoka. Narudia: mkojo ulimtoka. Ni maradhi, si uchafu.

Choo cha kiwanda kilikuwa na ufunguo mmoja. Msimamizi aliufunga kwenye kipande cha ubao, akautundika nyuma ya kiti chake. Ukiutaka, umwombe mbele ya wenzako. Siku moja alimcheleweshea Mama Kifungo ufunguo, mkojo ukamtoka kitini. Kesho yake mama wa watu akakuta kiti chake kimetandikwa nailoni.

Msimamizi akamwambia, "Kaa hapo, mama. Viti vya kampuni havijazoea kuogeshwa."

Watu wakacheka. Mimi, kabla sijaja redioni, nilishona cherehani ya pili kutoka kwake. Nami nilicheka.

Mama Kifungo akaacha kunywa maji. Funda moja alfajiri, basi. Alidhani ndiyo dawa, mpaka muuguzi aliyetufundisha masomo ya jioni alipomweleza kwamba mkojo mzito unakichokoza kibofu. Akamwonyesha namna ya kubana misuli ya nyonga, ahesabu hadi kumi, aachie. Alibana akipiga pasi. Alibana tukisali. Akajishonea vitambaa vyeusi vya kuvaa ndani.

Binti yake anasema, "Mwezi wa nne wa mazoezi hayo mama alicheka hadi akajishika mbavu. Akainuka, mkavu. Ndipo akalia."

Nailoni hakuitupa. Binti ameileta studio, iko mbele yangu.

Bwana msimamizi, najua unanisikia. Redio ya kiwandani iko juu ya meza ya kukatia, na saa hizi huwa iko kwenye kituo chetu. Ufunguo bado uko nyuma yako. Nimemwomba Mungu aniondolee kisasi hiki. Nimefunga siku tatu. Bado ninacho.

Wanangu mliofiwa, poleni sana. Mama yenu apumzike. Nawe msikilizaji, jiulize ulimcheka nani.

Mbele ya binti huyu, mbele ya fundi mitambo wetu wa studio, na mbele yenu nyote, naahidi: kila Jumanne, saa hii hii, nitaisoma habari hii. Kuanzia wiki ijayo nitaisoma na jina lako, bwana, mpaka mlango wa choo kile ubaki wazi.