Mwalimu Sabaha na Kompyuta Moja ya Watoto Sita

Ndugu wafiwa, majirani wa Mtaa wa Mafia na walimu mliofika, haya ndiyo maisha ya Mwalimu Sabaha Mrisho, nayo hayajapambwa, kwa kuwa bibi aliyemlea, Bi. Mgeni, hapendi marehemu asingiziwe mambo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapa hapa Kariakoo, akafiwa na mama yake angali ananyonya, akakuzwa na Bi. Mgeni kwa biashara ya vitumbua. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari, akamaliza chuo cha ualimu mwaka 1985, akapangiwa kufundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Ilala, na hapo ndipo alipozeekea kabla ya umri wake.

Tarehe 6 Agosti 1988 aliolewa na Bwana Haruna, fundi redio, wakajaliwa mtoto mmoja, Zena, aliyezaliwa 1990. Miaka hiyo biashara imefunguliwa, kila mtu anauza kitu, walimu wenzake wanauza tuisheni jioni, lakini Sabaha alikuwa akiifundisha bure, akirudi nyumbani hana sauti wala kitu mkononi, bibi yake akimwuliza, "We mtoto, hata mchicha sokoni haugawiwi bure, hicho Kiingereza unakigawa kwa nini?" naye akijibu, "Bibi, nipe chai kwanza."

Mwaka 1997 wazazi walichanga wakanunua kompyuta tatu za mtumba kutoka Amerika, zikapokelewa kwa ngoma, mgeni rasmi akachomeka mbili moja kwa moja kwenye umeme wetu, ambao ni mkali kuliko wa huko zilikotoka, zikatoa moshi, ngoma ikanyamaza. Ikabaki moja. Sabaha akaipangia watoto sita sita, akaweka sheria yake, kwamba anayejua Kiingereza kidogo kuliko wote ndiye akae kwenye mashine na kuandika, na wanaojua wasiiguse, kazi yao ni kumweleza mpaka aelewe, hata kwa kelele.

Wazazi wa wanaojua walikuja juu, mmoja akamwambia mbele ya darasa, "Mwanangu hakuja hapa kuwa mwalimu wa wajinga," na mkuu wa shule akasema matokeo ya kidato cha nne ndiyo yataamua kama mashine ibaki darasani. Matokeo ya 1999 yalipotoka, waliokuwa wakifeli walifaulu, lakini hakuna aliyepata alama ya juu kabisa, kwa hiyo kompyuta ikahamishiwa ofisini, ikafunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu. Sabaha hakugombana. Alichukua redio kaseti ya mumewe, watoto wakajirekodi kwa sheria ile ile, naye akaanza kuchoka uchovu usiotibika kwa usingizi.

Mei 2001 ilionekana figo zimeharibika, akafundisha kwa kukaa hadi Novemba, akafariki hospitalini Jumamosi, tarehe 9 Februari 2002. Siku za mwisho alimwuliza bibi yake kama wanafunzi wataendelea na sheria ile au itazikwa naye, bibi akajibu kwamba hajui, maana hakuwa na tabia ya kumdanganya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioteka maji, na walimu wenzake, hata mliokuja leo tu. Jana wanafunzi wake waliomba wapike wao, na leo alfajiri Bi. Mgeni akawakuta wamempa mwiko mwenzao ambaye hajawahi kupika hata chai, wanaojua wamefunga mikono nyuma, wanamwelekeza kwa kelele. Wali umeungua chini, na mtaula huo huo.

Mwalimu Sabaha, jibu lako ndilo hilo. Pumzika sasa.