Ugonjwa Wetu Sisi Wenye Nguvu

Kataeni kama mnaweza, wanangu, na wewe Nicholas mdogo wangu mwenye miguu ya korongo, kataa kwa sauti nisikie: mimi Cephas, niliyeacha shule darasa la sita na bado nikawazidi kwa misuli waliosoma, nilikuwa nikipandisha magunia mawili ya mawe kutoka shimo la dhahabu la Masara bila kupumzika, na siku zote hizo nilikuwa mgonjwa. Mnacheka? Chekeni upesi, pumzi yangu haitawangoja.

Lorine, Elvis, sogeeni. Mkono uliowarusha juu mpaka mama yenu akapiga kelele, leo haushiki kikombe.

Mnajua ndugu yetu Maxwell alianguka kule Remba akivuta mashua ufuoni, kijana wa miaka ishirini na minne, hakuomba hata maji. Tukasema mkewe, Adhiambo, kamtilia kitu chakulani. Mimi ndiye niliyetupa godoro lake nje, mimi ndiye niliyemwita mchawi mbele ya waombolezaji, na mpaka leo anauza omena, dagaa wa ziwani, Homa Bay, watu wakimkwepa kama kidonda.

Baadaye wauguzi wakaja mgodini kutupima mapafu. Mmoja wao, Susana, akasikiliza kifua changu, akanipeleka kwenye mashine ya picha. Akasema ukuta wa moyo wangu umenenepa, na kwamba ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, hukaa kimya ndani ya mtu anayeonekana mzima mpaka siku anapojikakamua. Nimeze dawa kila siku, niache magunia. Nikamjibu, "Dada, moyo mnene ni wa simba." Jioni ile nikabeba matatu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Basi shikeni haya. Shamba la Lambwe, sehemu ya Maxwell ni ya Adhiambo. Anayepinga aje abishane na kaburi langu. Nicholas, usiguse mpira kabla hujapimwa, na ukiambiwa u mzima kwa kuwa unaonekana mzima, keti hapo hapo udai picha ya moyo. Wapelekeni watoto pia, na wakiambiwa warudi mwakani, warudi. Mkipewa dawa, mezeni, msijitie ujogoo kama mimi. Mungu awape uzee, wanangu, ule wa mvi na meno ya kuhesabu.

Ngoja. Niinue kidogo, Nicho... Nimeyapanga vibaya, makusudi. Susana alinipima kwanza. Maxwell alikuwa hai. Susana aliniambia, mlete ndugu yako kabla mwezi haujaisha. Jumapili Maxwell akapiga simu, tukaongea habari za samaki... nikanyamaza. Niliogopa atanicheka.

Na Adhiambo... tulipokuwa tukimfukuza, nyinyi nyote hamkujua.

Mimi nilijua.