Pafu la Ekzosi

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la spea la Surjit, hapa Moshi mjini: benchi moja na birika la kahawa la dada Mary. Asubuhi ile hatukuwa na hoja nyingine ila Sylvanus, dereva mstaafu wa malori, tunayemwita Ekzosi kwa jinsi alivyokuwa akifuka moshi wa sigara kama bomba la gari. Alikwenda kupima mapafu akiwa mzima, hakohoi, hahemi. Wakamkuta na saratani, akapasuliwa. Tangu hapo hatukumtia machoni.

— Nilimwonya mimi, alisema Primus, ambaye kwa kujua kila kitu tunamwita Waziri. Mtu mzima anapimwa nini? Ugonjwa ulikuwa umelala, wakaenda kuuamsha.

— Saratani nayo inalala? aliuliza Surjit.

— Inalala! Ile mashine ina mwanga mkali. Ukimulikwa, inashtuka.

— Basi kila aliyepigwa picha ya mguu angekuwa na saratani ya mguu.

— Mguu hauna hewa, bana! Pafu wakilifungua, hewa yote nje, unabaki kama tairi lenye pancha. Nasikia Ekzosi sasa anapumua kwa pampu.

— Nani kakwambia? alidakia dada Mary.

— Watu wa kwao Uru. Eti hata kitandani wamemfunga kamba, asipeperuke.

Tulicheka sana. Waziri mwenyewe hakucheka.

Mara tukamwona mtu anavuka barabara. Ekzosi! Kakonda, lakini kanyooka, na mkewe Tabitha yuko nyuma anamsihi apunguze mwendo.

— Shikamoo baba! Mary alipiga kelele hadi bodaboda wakageuka.

— Marahaba, mwanangu. Surjit, nikumbatie taratibu, nina mshono!

Tukambana atusimulie.

— Daktari aliniuliza umri, kisha nimevuta kiasi gani. Nikasema nina sitini na mbili, pakiti kwa siku tangu nikiwa utingo wa lori. Akasema watu kama mimi ndio wa kupimwa kabla hata ya kukohoa. Nikalala kwenye mashine ya CT scan, nikavuta pumzi, nikabana, basi. Wakaona kivimbe, kidogo kuliko punje ya buni. Wakachukua nyama kidogo wakaipima. Saratani.

— Uliogopa? nilimuuliza.

— Nililia, bana. Mama huyu ndiye aliyenishika. Ila ilikuwa haijasambaa. Wakakata kipande cha pafu, na jana wameniambia imetoka yote. Yote! Na sigara ndiyo basi tena.

Benchi zima lilisimama. Surjit alipiga makofi, Mary akamimina kahawa na kukataa hela, mzee mmoja mpita njia akashangilia bila kujua anashangilia nini.

Tabitha hakukaa. Alimgeukia Waziri.

— Shemeji Primus, mlianza kuvuta pamoja, lori moja, pakiti moja. Wewe unakwenda lini?

Hakuna aliyemsaidia. Waziri alitazama viatu vyake, akatazama mlima, akarudi kwenye viatu.

— Hiyo mashine, alisema hatimaye, unavua shati?

— Mimi nilibaki na fulana, alijibu Ekzosi.

Waziri akainuka, akafunga vifungo vya koti.

— Basi nipelekeni leo nikaandikishwe, kabla sijawa mwerevu tena.

Surjit alikuwa ameshawasha gari.