Verlina, Tuliyemzika Akiwa Hai

Mchungaji Thibodeaux pamoja na mama mchungaji. Mheshimiwa diwani wetu, ambaye leo amefika kwa wakati, sijui jua limechomoza upande gani. Mzee Alcide Metoyer, mkuu wa bendi. Mama zangu na dada zangu wa Chama cha Wanawake cha Kusaidiana na Kufurahi. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi ambao hamkualikwa, ila mmesikia harufu ya kamba wa mtoni mkafuata pua zenu: nawasalimu nyote kwa upendo.

Mimi ni Hortense Glapion, mwenyekiti wa chama hiki, na wanaonijua wanajua sijui kusema kidogo. Leo nitajitahidi. Tumekutana kumuaga mwenzetu Verlina Doucette, yule pale mwenye kofia ya zambarau anayejifanya anachunguza sahani yake. Kesho anapanda ndege kwenda kuimba ng'ambo, katika miji ambayo mimi siwezi kuitamka bila kumtemea mate jirani. Ana miaka sitini na sita. Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka jana, na tangu hapo redio hazikohoi bila kumtaja. Mpigieni makofi! Basi, basi, yatoshe, atavimba kichwa na kofia haitamtosha.

Sasa tulieni, kwa sababu nina neno ambalo yeye mwenyewe ameniruhusu nilitoe hadharani. Jumatatu iliyopita nilikuwa nimebandika maharage mekundu, kama kila mtu mwenye akili timamu katika mji huu siku ya Jumatatu, mara mlango wa jikoni ukafunguka. Verlina huyo. Hakuketi. Alisimama pale na mkoba wake kifuani.

“Hortense,” akasema, “niambie nisiende.”

“Kwa nini nikwambie hivyo?”

“Kwa sababu naogopa. Nyuma ya majukwaa ya huko watakuwepo watu wale wale, na vipakiti vyao vile vile. Hapa nikitetemeka nakuja kwako. Kule nitakwenda kwa nani? Wewe sema tu nisiende, na mimi siendi. Nitamwambia Alcide mguu unaniuma.”

Ndugu zangu, mnanijua mimi. Mdomo huu haujawahi kukosa la kusema, hata msibani, hata mbele ya hakimu. Siku ile nikaupa kazi ya kuonja chumvi. Nilikoroga maharage mpaka yakataka kuwa uji. Nikamwambia, “Nitakujibu Jumamosi, mbele ya watu wako.” Jumamosi ndiyo leo, watu wake ndio ninyi, na yule pale hajui bado kama kesho anasafiri au hasafiri.

Kabla sijajibu, niruhusuni niseme tunamzungumzia nani, maana humu ukumbini wamo wageni wanaomjua kwa santuri tu. Verlina na mimi tulisimama mstari mmoja katika kwaya ya watoto. Mimi niliimba ili nipewe keki. Yeye aliimba ikabidi mchungaji wa zamani avue miwani. Alipokuwa msichana, Mzee Alcide alimchukua kwenye bendi yake, na nani asiyekumbuka? Watu walikuwa wanasimama barabarani nje ya madirisha, mvua inanyesha, hakuna anayeondoka. Kisha ukaja unga. Ulikuja na mwanamume mmoja mwenye viatu vya kung'aa ambaye jina lake silitaji, kinywa changu nimekipiga mswaki leo. Verlina akaanza kuchelewa kwenye jukwaa, kisha akaacha kufika kabisa. Akauza pete za mama yake. Akauza mapepeo ya manyoya ya mbuni ambayo chama hiki kilishona mwaka mzima kwa ajili ya maandamano yetu ya ngoma ya kila mwaka, tukaandamana mikono mitupu kama watu wanaofukuza nzi. Wapo walioacha kumsalimu. Wapo waliomwita teja mbele ya mtoto wake. Sitawatazama, ila mnajijua.

Mwisho wakamkamata na mzigo wa yule bwana wa viatu, umeshonewa kwenye pindo la gauni lake. Bwana akapotea, Verlina akafungwa miaka mingi. Binti yake, Renetta, akaja kukaa kwangu na mfuko mmoja wa nguo. Na Verlina, je? Hakuandika, hakupiga simu, na nilipokwenda gerezani kumwona alikataa kutoka. Aliona haya, jamani. Alijiambia kwamba sisi tumeshamfuta, basi na yeye akajifuta.

Sasa hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni watu wa mji huu tu wanaoweza kulifanya. Mwanamke mmoja alitoka gerezani akatuletea habari kwamba Verlina amefariki. Amemwona kwa macho yake akitolewa nje kwa machela, amefunikwa shuka mpaka usoni. Watu wa kwingine wakisikia msiba hupiga simu kuuliza. Sisi hupiga tarumbeta kwanza. Mzee Alcide, usiniangalie hivyo, ni wewe uliyesema, “Maiti wataichelewesha hawa wa gereza, roho isingoje.” Jeneza hatukuwa nalo. Tukalilaza gauni lake la kijani kwenye gari la farasi, tukalifuata kwa wimbo wa polepole, watu wakazidi kutoka majumbani mpaka barabara ikakosa nafasi. Tulipofika kwenye pembe ya makaburi tukamwachia aende zake, kama tunavyowaachia wafu wetu wote. Ngoma ikabadilika, miavuli ikafunguka, tukarudi tunacheza huku machozi yanatutoka.

Mtu mmoja tu hakucheza. Renetta alisimama kando ya njia amekunja mikono. Nikamfuata.

“Cheza, mwanangu, mama yako apate kupumzika.”

“Mama hajafa,” akanijibu. “Angekufa ningejua. Nyie chezeni tu.”

Nilimhurumia. Nilidhani ni uchungu unasema. Kumbe katika umati ule wote, mwenye akili alikuwa mmoja.

Verlina hakuwa amekufa. Alikuwa na homa ya mapafu, wamemfunika kwa sababu ya baridi. Akapona, wakampa kazi ya kuosha vyombo jikoni. Siku moja akaletwa msichana wa mtaa wetu, amefungwa kwa kupigana. Akaingia jikoni, akamwona Verlina kwenye sinki, akapiga ukelele ambao askari walidhani ni ghasia.

“Dada Verlina! Wewe si ulizikwa? Mimi mwenyewe nilicheza!”

“Nilizikwa na nani?”

“Na watu wote!”

“Watu wepi? Mimi sina watu.”

“Huna watu? Barabara ilijaa mpaka nikapoteza kiatu! Mzee Alcide alilia akashindwa kupuliza tromboni. Mama Hortense alishikwa na wanaume wawili.”

Si kweli, walikuwa watatu. Verlina akageuza ndoo, akaikalia, akalia mpaka maji ya kuoshea yakapoa. Alidhani amefutwa. Kumbe kwa muda wote aliojificha, kulikuwa na mtaa mzima unaomlilia. Jioni ile ile, kabla ya giza, simu yangu ikalia. Sauti niliyoifahamu tangu tuna meno ya utoto ikasema:

“Hortense, nasikia mmenizika.”

Nilitaka kuzimia, lakini nikaona aibu kuzimia peke yangu. Nikasema, “Tumekuzika vizuri sana. Kulikuwa na kuku wa kukaanga.”

“Nani aliimba?”

Nikasema, “Na mchele ulikuwepo.”

“Hortense. Nani aliimba?”

“Eulalie.”

“Eulalie! Yaani mnanipeleka kwa Mola wangu na sauti ya Eulalie?”

Eulalie, usinune, umesikia ulivyowachekesha watu? Na ujue umefanya kazi kubwa kuliko madaktari, kwa sababu kesho yake mwanamke huyu alianza kuimba tena kwenye sinki la gereza, baada ya miaka ya ukimya. Alisema hawezi kukubali wimbo wa mwisho juu yake uwe ule. Nikamwita Renetta kwenye simu. Hakusema “mama.” Alisema, “Niliwaambia,” akanirudishia simu, akaenda kujifungia chooni kulia.

Alipotoka gerezani hakutoka malaika, nisiwadanganye. Alipata kazi ya kukaanga samaki kwenye jiko la kanisa, akaimba Jumapili, akanenepa kidogo, tukafurahi. Kisha mwaka wa pili, mchana kweupe, nikamkuta barazani kwangu amekaa kwenye ngazi, midomo imekauka.

“Nimetumia,” akasema. “Jana na leo. Nimekuja kabla sijajificha.”

Sikumhubiria. Nilimlaza kwenye kochi. Renetta, ambaye siku hizo tayari alikuwa muuguzi, akaja na sare yake ya kazi, na tukakaa naye na arosto yake ya kuukosa unga, anatetemeka, anatukana, ananitapikia zulia ambalo nililipenda. Renetta alikuwa anamfuta uso kwa kitambaa, anasema, “Kunywa maji, mama.” Hakujua kama amelisema lile neno. Sisi wawili tulilisikia. Verlina alishika maji kwa mikono miwili, akayanywa yote.

Tangu siku ile hajagusa. Aliimba kwenye ubatizo, kwenye harusi, kwenye ukumbi huu wenye mlango unaolia, mpaka siku moja mama mmoja mwenye studio akaja kula samaki, akasikia anayeimba nyuma ya karai la mafuta, akasahau kula. Mengine mnayajua. Ninyi mnaojivunia santuri, jivunieni. Lakini mimi nilishamjivunia siku ile ngazini.

Verlina, simama mwenzangu. Simama, acha sahani. Uliniuliza swali, na wiki nzima limeninyima usingizi. Nilitaka kukwambia usiende. Nitakuwa mkweli mbele ya Mchungaji: nilitaka sana. Nikuweke hapa karibu, nikuone kila Jumatatu, nikuhesabie pumzi. Lakini nikajiuliza, ni nini kilichokaribia kukuua? Ni kuanguka? Ulianguka mara ya pili na hukufa. Kilichokaribia kukuua ni kule kujificha tusikuone ukiwa umeanguka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kilikuumbua kabla hata hakijafika. Dawa yako haikuwa mtaa huu. Dawa yako ilikuwa kufungua mdomo na kusema, nimetumia, naogopa, njooni. Na Jumatatu hukufanya hivyo hivyo? Ulikuja kwangu hujagusa kitu, ukasema naogopa. Mtu anayejua kusema vile nimfungie ndani kwa nini?

Kwa hiyo jibu langu ni nenda. Nenda ukaimbe. Ukiimba vizuri, tutafurahi. Ukiimba vibaya, Eulalie atafurahi. Na ukianguka, Mungu apishe mbali, lakini ukianguka, usingoje kupona ndipo urudi. Rudi hivyo hivyo, mchafu, unatetemeka, katikati ya ziara, waache wenye tiketi wakasirike. Sisi hatukukupenda kwa santuri. Tulikupenda ulipokuwa huna hata pepeo moja la kuturudishia.

Na binti yako amenipa ujumbe, kwa kuwa yeye mbele za watu hasemi. Nasema kama alivyosema: “Mwambie nitampigia kila asubuhi kabla sijaingia kazini. Asipopokea, napanda ndege. Na pasipoti ninayo.” Ionyeshe, Renetta. Inyanyue juu waione! Msichana huyu aliichukua mwezi uliopita, bila kumwambia mtu.

Haya. Mimi nimemaliza upande wangu. Verlina, sasa wewe. Unakwenda, huendi?

Sema kwa sauti, wa nyuma hawasikii.

Mmemsikia? Anasema atakwenda. Anasema, “Nitakwenda, na simu nitapokea.” Usiniambie mimi, dada, mwambie mtoto wako. Geuka umwambie yeye.

Jamani. Mpisheni apite, toeni hivyo viti njiani. Waacheni washikane, msiwapige picha.

Ndugu zangu, nilikuwa na shukrani za kuwasomea, kwa waliopika, kwa diwani, kwa kanisa. Mtanisamehe, sioni karatasi kwa haya machozi. Mmenivumilia, mmenisikiliza, nami nawashukuru. Mungu awabariki.