Historia ya Kaka Yetu Fanya Juu, Inayosomwa Juu ya Matuta Yake Mliyoyasawazisha

Mchungaji wetu, ndugu wa pande zote mbili, majirani, wafanyakazi wenzake wa idara ya kilimo, na ninyi nyote mliokaa chini ya maturubai haya, Mungu aliyetuamsha leo apewe sifa. Mimi ni mdogo wake wa kike anayemfuata marehemu, elimu yangu ni ya darasa la saba, nikikosea kusoma mnivumilie, na nikisema kwa ukali mniombee, kwa maana tangu jana jioni, nilipoona matuta ya shamba hili yamesawazishwa ili sisi tukae vizuri, na mawingu yakiwa yameshajikusanya kule juu ya mlima, nimeomba nipewe moyo mpole, na hadi nasimama hapa sijapewa.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, aliyekuwa fundi cherehani, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita, na mama alikuwa akitusimulia kwamba msimu ule mvua ilishuka kwa hasira, ikabeba mbegu pamoja na udongo wake hadi mtoni, kisha ikakata kabisa, hivyo mtoto alinyonya titi la mama mwenye njaa, na mama alipenda kusema kwamba ugomvi wake na maji yanayokimbia ulianzia hapo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza mwaka 1975, akajiunga na sekondari mwaka 1976 hadi 1979, ambako alipendwa na walimu kwa bidii na kuchukiwa na wenzake kwa kusema ukweli bila kuulizwa, kisha akaingia chuo cha kilimo mwaka 1980, akatunukiwa cheti mwezi Mei 1982, baba akamshonea suruali mbili za kaki, na hizo ndizo alizovaa kazini mpaka magoti yakatoka nje.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1982, akawa bwana shamba wa eneo hili kavu, akapewa baiskeli, kamba yenye pima maji, na chumba kimoja nyuma ya ghala la ushirika, ambacho kilinuka dawa ya panya mwaka mzima. Kazi aliyotumwa ilikuwa moja, kuwashawishi wakulima wadogo wahifadhi udongo na maji, na njia aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kuchimba mtaro unaokata mteremko, udongo ukaurusha upande wa juu, likasimama tuta, ukapanda majani ya kulishika, maji ya mvua yakifika hapo yanasimama, yanazama, na mahindi yanakunywa hata jua likiwaka. Njia hiyo inaitwa fanya juu, ninyi mkalitazama jembe, mkautazama mlima, mkamwambia, “Bwana shamba, Mungu ameumba chini kuwa rahisi, wewe unatutupisha udongo juu, una ugomvi na viuno vyetu?” mkacheka, na kuanzia siku hiyo mkamwita Fanya Juu, hata watoto wakawa wanaimba hivyo baiskeli yake ikipita, naye akawa anapiga kengele kuwaitikia.

Mwezi Septemba 1994 idara ilitangaza kwamba wageni wa mradi wa kufadhili wakulima wangekuja kuona mitaro, basi kaka akapima mlima mzima kwa kamba, akapigilia vigingi kuonyesha pa kuchimba, vigingi mkaving'oa mkafungia mbuzi, na wageni walipokaribia, mkachimba mitaro kwa haraka, si ya kukata mteremko, bali iliyonyooka kutoka juu hadi barabarani, kwa sababu udongo unaanguka wenyewe na mtaro unaonekana mrefu, na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa wakati ule, aliyekwisha kutangulia, akasema kwa sauti ya kushiba, “Wageni hawashuki kwenye gari, mtaro ni mtaro.” Wageni walishuka. Wakamuuliza kaka kazi inaendaje, akawajibu mbele ya mkuu wake kwamba ile haikuwa mitaro, ilikuwa njia ya kusafirishia shamba, wageni wakarudi ndani ya magari, mradi ukahamia kwingine, kaka akapewa onyo la maandishi, na ninyi mkamsimanga sokoni, “Umetuziba mdomo tukiwa tumeshaufungua!”

Mvua ya Novemba mwaka huo ilipopita kwenye mitaro yenu, ilichimba kazi ambayo majembe yenu yaliikataa, ikaacha lile korongo mnalolipita kila siku, lori linaweza kulala ndani yake, na sijui ni kinywa gani kilianza, lakini mpaka leo mnaliita Korongo la Fanya Juu. Ninalisoma hili likiwa linanitia kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula akaambiwa aumeze kwa heshima ya mpishi.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa takatifu na wifi yangu, mwalimu wa chekechea, mbele ya mchungaji aliyemtangulia huyu wetu, na Mungu akawajalia watoto wanne, mmoja alitwaliwa akiwa mchanga, watatu wapo hapa mstari wa mbele, pamoja na wajukuu watano, ambao wawili wanalelewa na bibi yao katika nyumba hii. Mwaka 1996, kaka alipochoka kuhubiri kwenye mashamba ya watu, walinunua mteremko huu ambao hakuna aliyeutaka, wakachimba wao wenyewe, yeye akitoka kazini, wifi akitoka shule, na ukame wa baadaye ulipokuja na shamba hili peke yake likabaki kijani, mlikuja na vikapu kuomba, mkapewa, na mlipofika njiani mkaulizana, “Huyu anatumia dawa gani?” Tuseme haki, wapo walioiga, ni wachache, tunawajua, na mashamba yao yanawajua, lakini kwa wengine kaka alikuwa anampigia mbuzi gitaa, na mbuzi wenyewe, mniwie radhi, usiku mlikuwa mnawaleta kula majani ya matuta yake.

Alistaafu mwezi Machi 2021, akiwa na afya njema isipokuwa ugonjwa wa sukari aliokuwa nao muda mrefu, hadi mwezi Agosti 2023 alipojikata mguu kwa jembe akitengeneza tuta la juu, akaficha kidonda ndani ya buti kwa sababu msimu ulikuwa karibu, kidonda kikaoza, na tarehe 19 Februari 2024 madaktari wakalazimika kuukata mguu ili kuokoa maisha. Mlikuja kumwona, tunashukuru, ingawa wengine mlikaa mlangoni mmeziba pua kwa khanga, wala siwahukumu kwa hilo, maana siku moja na mimi nilitoka nje nikajidai naenda kuteka maji, na yeye alijua, akaniambia nikirudi nilete na hewa kidogo. Aliendelea kuja shambani, akibebwa kwenye kiti cha plastiki, akielekeza kwa fimbo, mpaka figo zilipochoka, na Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono, aliiaga dunia.

Jana, familia tukiwa hospitali kumchukua, mliobaki kuandaa uwanja mlilivunja tuta la juu na mawili yanayolifuata, ili maturubai yakae sawa na magari yapate pa kusimama, mkang'oa majani yanayoshika udongo mkayatandaza chini msichafue viatu, na wifi yangu alipouliza, mwenyekiti wa kamati ya mazishi akamjibu, “Shemeji, usijali, marehemu angefurahi kuona watu wamekaa vizuri.” Nimesoma mistari mingi ya maandiko juu ya ulimi, bado sijapata unaonisaidia kulijibu neno hilo. Tuta la juu ndilo linalopokea maji yote ya barabarani, likiwa wazi, mvua ya kwanza itavunja la nne, la tano, hadi la mwisho, na kwa wiki moja shamba linalomlisha mjane na wajukuu wale wawili litakuwa korongo la pili, na jina mtakalolipa nalijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi aliyemsafisha kidonda bila kugeuza uso, inawashukuru wafanyakazi wenzake kwa jeneza na kwa usafiri, kanisa kwa maombi, na majirani kwa maturubai, kwa viti, na kwa kuwahi kufika. Tunalo pia tangazo, ambalo mchungaji amelikubali. Kaburi likishafunikwa, koleo na majembe hayatarudi ghalani, magari yataondolewa kwanza, na kila mwenye mikono miwili ataanzia tuta la juu, mwenyekiti wa kamati akiwa wa mbele ili atuonyeshe mahali hasa lilipokuwa, maana yeye ndiye aliyelivunja. Chakula kimeiva, kinanukia, mmekisikia, lakini kitabaki kimefunikwa mpaka wifi yangu aseme tuta limesimama, na wapishi ni dada zangu watatu, mnawafahamu, hawabembelezeki. Atakayeona tumemvunjia heshima, njia ya kuondokea ni ile pale, ila aende akijua kwamba tumemwona.

Kaka, hasira niliyoshindwa kuishusha kwa maombi nakwenda kuishusha kwa jembe, nimeshavua viatu. Wewe pumzika kwa amani, ni zamu yako, sisi hatupumziki mpaka udongo wako urudi juu.